Debe Langu la Maziwa ya Mgando

Nilipomaliza darasa la kumi, Mwingereza akiwa bado anatutawala, nilirudi kwetu magharibi ya Mlima Meru na ugonjwa wa kusahihisha watu. Nilianza na mama. Yeye aligandisha maziwa kwenye kibuyu alichokisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, mpaka maziwa yakanukia moshi.

"Mama, huo ni uchafu. Shuleni tumefundishwa usafi."

"Na huko shuleni mlikunywa nini?"

"Chai ya rangi."

"Ndiyo maana umekonda."

Nikashuka mjini kwa fundi bati wa mtaa wa Kijenge. Akaniungia debe lenye kifuniko, maungio yote yamezibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, linang'aa. Mama akakubali, kijana aliyesomeshwa kwa ng'ombe wawili lazima asikilizwe, la sivyo ng'ombe wamekwenda bure. Mimi mgando siupendi. Mnywaji mkubwa alikuwa mdogo wangu wa kike, wa miaka sita, mwenye maneno makali kuliko sisi sote.

Baada ya miezi kadhaa akanyamaza. Tumbo likamuuma, akawa na hasira za bure. Ukimtuma maji, anasimama njiani hajui aendako. Nikatoa hukumu ya kisomi: uvivu.

Mama akambeba hadi hospitali ya misheni, nami nikafuata kama mkalimani. Daktari akamfunua mdomo, akatuonyesha mstari wa bluu kwenye fizi.

"Anakunywa nini?"

"Maziwa, bwana daktari. Kwa usafi kabisa."

"Kwenye chombo gani?"

Mkalimani akatafsiri debe lake mwenyewe, hadi maungio ya risasi.

Uchachu wa maziwa, daktari alieleza, ulikuwa ukila risasi ya maungio. Yaliyobaki niliyasoma uzeeni: ndani ya ubongo risasi hujifanya kalsiamu, ile inayofungulia ujumbe njia kutoka seli hadi seli. Hukalia kiti cha mwenzake, na kazi yenyewe haiiwezi. Nilimjua kijana mmoja wa namna hiyo.

Mama alilipasua debe kwa shoka. Mdogo wangu alipata nafuu polepole. Hesabu hazikurudi zote. Nilipoitwa kazi ya ukarani mjini sikwenda, nilibaki kumfundisha, na majirani wakanisifu kwa huruma yangu. Yeye, akiwa na miaka kumi, aliinua macho kutoka kwenye daftari:

"Kaka, usinisingizie. Unaogopa tu kujipikia huko mjini."

Nikamwomba arudie, taratibu, nisikie kama hakuna neno lililopotea katika ule ukali wake wa zamani.