Namba saba kwenye albamu ya pili: mlitaka iondolewe, sikilizeni yaliyotokea sokoni

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni bibi wa Tunduma, niliishia darasa la tatu, nachapa kwa kidole kimoja. Uongo sikujifunza mapema na sasa nimechelewa.

Mjukuu wangu Neema ana kundi la hip hop na wenzake wawili, Osward na Tabu. Albamu ya kwanza ilipigwa kila kona hapa mjini. Ya pili wakaniingiza na mimi.

Namba saba nataja akina mama niliokwenda nao kuchuma kahawa Igamba, biti inapiga chini yangu. Kwetu Wanamwanga binti hubaki na ukoo wa baba yake hata akiolewa, basi niliwataja hivyo. Ana Nachalwe wa mzee Lameki. Yunisi Namukonda wa mzee Yona. Wote, sikuruka hata mmoja.

Jamani, komenti!

"Biti kali, ila bibi anaita mahudhurio."

"Namba saba naruka."

"Albamu ya pili imewashinda hawa."

Neema hakula. Osward akaja, "Shikamoo bibi. Usikasirike, Jumamosi tunaiondoa."

Nikasema iondoeni, mimi si msanii. Ila niliumia. Wengi wa wale hawana hata msalaba kaburini.

Ijumaa Tabu akaiweka albamu nzima kwenye spika, kibandani kwake sokoni. Mimi nipo kwenye benchi. Ikafika namba saba.

Mama mmoja muuza dagaa, wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, akatua beseni.

"We kijana, rudisha hapo!"

Tabu akarudisha. Ana Nachalwe wa mzee Lameki.

"Huyo ni mama yangu. Alikufa nikiwa wa kunyonya. Sijawahi kuona mtu aliyemjua."

Nikainua mkono. Nikamwambia, "Alikuwa na mwanya kama wako. Na alikuwa mtani, tukichuma hatusikii mvua."

Wakuu, yule mama alipiga magoti palepale kwenye tope, akapiga makofi taratibu, "Mwapoleni, mayo," salamu yetu ya heshima kwa mama.

Tabu aliirudia mara sita. Vijana walewale wa mahudhurio wakaanza kunisogelea, "Bibi, na wa kwetu yumo?"

Haikuondolewa.

Nilichojifunza: nilidhani hip hop ni makelele. Kumbe jina likitajwa sawasawa linavuka mpaka lenyewe na kumkuta mwenyewe.

Mlioisikiliza, semeni, hata kwa ubaya. Na kama bibi yako alichuma Igamba, andika jina lake na la baba yake. Namkumbuka.