Wafula Aliyekataa Mahindi ya Mwenyekiti

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka hata sasa vinyweleo vinanisimama, na mimi si mtu wa kusimamisha vinyweleo ovyo. Najua unacheka: ati huyu wa Kidato cha Nne ananiita mwanangu na ndevu hana. Cheka tu. Wewe umeingia Kidato cha Kwanza juzi, umechaguliwa kusimamia seva ya shule nikiondoka, na katika klabu hii ya kompyuta hakuna mzee mwingine isipokuwa mimi. Kwa hivyo mzee anakuomba uweke hayo mandazi chini, unisikilize.

Ilikuwa likizo, hapa Kitale. Shangazi yangu Wangari alikuwa ameajiriwa na ushirika wa wakulima wa mahindi, wenye ofisi hapa mjini na ghala kubwa Bungoma. Ushirika ulikuwa umechoka na kila mtu kutumia simu yake ya mfukoni, ukaamua kuweka seva, kompyuta moja kuu ya mawasiliano: simu, ujumbe, barua pepe, mikutano ya video, yote yapitie hapo. Shangazi ndiye angekuwa msimamizi. Lakini mwenyekiti, Mzee Njoroge, hakuwa na imani na mashine. Alisema Ijumaa angekuja na wakurugenzi, aketi, aombe kuzungumza na mtu wa Bungoma. Akimpata, sawa. Akimkosa, seva irudishwe ilikotoka na Shangazi atafute kazi kwingine. Na Shangazi ndiye hunilipia karo, kwa hivyo usidhani niliingia kwenye yale mafunzo kwa sababu ya kupenda elimu.

Aliyetufundisha, sisi wawili na makarani wachache wa ofisi, alikuwa Mwalimu Nasimiyu, mama wa Kabuchai, hukohuko Bungoma, mpole, ambaye kazi yake ni kuzunguka akiweka seva za namna hiyo viwandani na hospitalini na kuwafunza watakaozisimamia. Siku ya kwanza alinipa hedifoni, akamwambia Shangazi anipigie kutoka chumba cha pili. Akaeleza kwamba sauti ya Shangazi inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kama kifurushi na kuandikwa kinakoenda, halafu vinaunganishwa tena upande wangu kabla yeye hajavuta pumzi. Nilikuwa nadhani simu ni simu tu, bana. Nikakaa kinywa wazi. Kisha vile vifurushi vikafika, na sauti ya Shangazi ikaniambia niache kutafuna darasani.

Seva ilisimama vizuri. Taabu ilikuja tulipoanza kuwafungulia wafanyakazi akaunti. Shangazi alitumia herufi ya kwanza ya jina la kanisani, kisha jina la pili. Kwetu sisi, ambao jina la pili ni la baba, njia hiyo haina shida. Lakini alipofika kwa watu wa Bungoma, akaandika jwafula, kompyuta ikamwambia huyo yupo tayari. Akaweka jwafula1. Akaja mwingine, akawa jwafula2. Wakazidi kuja. Nikamwambia, "Shangazi, si tuwatoboe masikio kabisa, tuwawekee vibati kama ng'ombe?" Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alimwomba Shangazi ampigie anayesimamia mashine ya kukausha mahindi, ile wanayoiita draya. Shangazi akatazama orodha, akakisia, akabonyeza. Mwanamume akapokea, nyuma yake honi zikilia.

"Mama, mimi niko na lori hapa mpakani Suam, foleni haisongi," akasema. "Unataka Wafula yupi? Tuko wengi."

Shangazi akakata simu. Hakuna aliyecheka tena, hata mimi.

Mwalimu akafunga laptopu yake taratibu. Akatuambia kwamba kwao Wafula si jina la ukoo. Ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ya Bungoma tunaijua wenyewe. Ukimpa mtu kama huyo nambari, umemwambia kuzaliwa kwake kumekuwa kero kwa kompyuta yako. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la shule: "Seva yako iko sawa, Wangari. Wewe ndiye bado hujaunganishwa."

Kesho yake hatukugusa kompyuta. Alitupeleka Bungoma kusalimia watu. Nilinung'unika, kwa sababu kusalimia watu Bungoma si kupunga mkono ukapita. Ni mkono kwa mkono, mtu mmoja mmoja, unaulizwa wewe ni wa nani, nyumbani hawajambo, na mvua imefika kwenu, na kila mlango kuna chai na viazi vitamu. Mwalimu hakuruka mtu. Mlinzi, mfagiaji, mpishi, wote aliwauliza mambo yaleyale: hapa kazini wanakuitaje, unafanya nini, na shida ikitokea nani hukutafuta? Shangazi akafuata nyuma, mwanzoni kwa aibu, halafu akazoea.

Nikaanza kuwaona wale Wafula. Kulikuwa na Wafula wa Draya, mkimya. Wafula wa Lori alikuwa bado Suam, lakini sifa zake zilikuwepo. Wafula Mrefu ni mfupi kuliko wewe, na hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Na kulikuwa na Wafula wa Kipimo, anayepima unyevu wa mahindi yakiletwa. Huyo alituwekea chai, akamweleza Shangazi akicheka kwa woga kwamba msimu uliopita aliwahi kurudisha mahindi ya Mzee Njoroge mwenyewe kwa sababu yalikuwa na maji. Hawajawahi kuonana, mahindi yaliletwa na dereva. Tangu siku hiyo, akasema, akisikia gari dogo langoni huchungulia dirishani kwanza.

Tuliporudi, Shangazi alifuta zile nambari zote. Kila mtu akaingia na jina analoitwa, kazi yake, mahali pake na picha yake.

Ijumaa ikafika. Mzee Njoroge akaketi mbele ya skrini, wakurugenzi wakapanga viti nyuma yake. Hakutaja jina lolote. Aliegemea nyuma, akakunja mikono.

"Nitafutie yule kijana aliyekataa mahindi yangu."

Mwanangu, hakuna seva duniani yenye kitufe cha kutafuta jambo kama hilo. Nilihesabu karo yangu imekwisha. Lakini Shangazi hakuuliza swali. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwa Wafula wa Kipimo, ukabonyeza, na uso wa Wafula ukajaa skrini, kijasho chembamba kikimtoka, kipimo bado mkononi.

Mzee akamtazama. Wafula akamtazama. Kisha Mzee Njoroge akavua kofia yake, taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Yalikuwa na maji kweli. Endelea hivyohivyo, kijana wangu."

Wafula aliinua tu kile kipimo akikionyesha, nasi tukaelewa kwamba ataendelea kupima. Mzee akageuka, akamwambia Shangazi aandae orodha ya ofisi nyingine zinazohitaji kuunganishwa. Mwalimu Nasimiyu alikuwa mlangoni tayari, anakunja waya zake kama mtu asiyehusika. Mimi nilitafuta utani wa kusema, nikaukosa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Sasa nasaha, kabla kengele haijalia. Utapewa paswadi ya seva ya shule. Itakupa uwezo wa kumfungulia mtu mlango au kumfungia, na utajiona mkubwa. Jione tu, lakini kwa dakika moja. Kabla hujamwandika mpishi, nenda jikoni umsalimie. Kabla hujamwandika mlinzi, ujue anaitwaje na anamwita nani hatari ikitokea. Ukipewa chai, kunywa. Na usimpe mtu nambari kwa sababu wewe umechoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na stima ya kupotea katikati ya kazi. Simu zako zifike, wanaozipokea wafurahi kukusikia, na siku utakapotafutwa, utafutwe kwa jina lako.