Siku Twahiru Alipozima Gari Sonatubes

Kwa Twahiru, fundi cherehani wa Rwezamenyo, jiji la Kigali liligawanyika sehemu mbili tu: penye mteremko na pasipo mteremko. Penye mteremko alikwenda, akaegesha, akala, akapiga soga mpaka wenyeji wakamchoka. Pasipo mteremko hakuwa na rafiki hata mmoja. Watu walidhani ana maringo. Ukweli ni kwamba gari lake, Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe aliyoachiwa na baba yake, halikuwa na stata. Ili liwake lilihitaji kuteremka, na kwa bahati nzuri nchi yenyewe ina vilima vya kumwaga.

Usimwonee huruma, maana alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kila asubuhi aliingia garini na suti yake iliyonyooka, akazungusha ufunguo mpaka taa nyekundu ikawaka, gia ikiwa ya pili tangu jana, kisha akakanyaga klachi na kuachia breki ya mkono. Gari lilishuka kimyakimya kama paka anayenyemelea maziwa. Likifika usawa wa duka la kona aliachia klachi, nalo likakohoa, likanguruma, na wauzaji wakampigia makofi. Stata ya zamani ilikuwa chini ya meza yake ya kukatia, akiitumia kukandamizia vitambaa visiteleze. Mafundi walishaibadilisha kaboni, wakaisuka waya upya. Ilifufuka mara kadhaa, kisha ikafa moja kwa moja. Alipoambiwa atafute nyingine alijibu kwamba baba yake hakuwahi kuweka nyingine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha akampenda mwanamke wa tambarare.

Zaina Umulisa alikuwa mjane aliyekulia Bukoba, akarudi Rwanda na Kiswahili chake cha Tanzania, na sasa aliuza vifungo, nyuzi na zipu karibu na njiapanda ya Sonatubes. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, kwenye kijia kilicholala sawasawa kama meza. Twahiru alikwenda pale kununua vifungo. Akaenda tena kununua vifungo. Ilifika wakati alikuwa na vifungo vya kuvalisha jeshi zima, na Umulisa, ambaye si mjinga, akaanza kumkaribisha chai.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Twahiru aliacha gari likinguruma nje ya geti, akaingia, akakalia ncha ya kiti, sikio moja kwa Umulisa na jingine kwa injini. Ngurumo ikibadilika kidogo tu, alisimama na kikombe mkononi, akaaga, akatoka mbio. Sambusa alikula akitembea. Mara moja aliaga kabla sukari haijayeyuka.

Utauliza kwa nini asipande basi. Rwezamenyo nzima ilimwuliza hivyohivyo. Lakini siku ya kwanza Umulisa alimwona kupitia kioo cha gari hilo, akacheka, akasema gari lenyewe lina sura ya mtu mwema. Tangu hapo Twahiru aliamini kwamba nusu ya bahati yake ilitokana na gari. Na kumweleza ukweli? Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa suti aliyoishona kwa mkono wake, akiri kwamba gari lake haliwaki mpaka lisukumwe? Aibu ilimshinda, na kila alipojaribu aliishia kununua vifungo vingine.

Kilichomuumiza Umulisa zaidi kilikuwa kumsindikiza. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Mwenyeji hutoka naye, wakatembea polepole, na maneno yenye uzito, yale ambayo sebuleni hayakupata nafasi, husemwa hapo njiani. Umulisa alijitanda khanga yake kila mara ili amsindikize, na kila mara alifika getini akakuta moshi tu. Siku moja alimwahi, akashika kioo cha dirisha.

"Bwana Twahiru," alisema, "mtu asiyezima gari hajaja kutembea, anapita tu. Jumamosi ukija, uzime. Kama huwezi kuzima, basi usije tena."

Twahiru aliendesha hadi nyumbani akiwa amelowa jasho. Sasa mambo yalikuwa mawili: stata au upweke.

Asubuhi iliyofuata aliteremka mpaka Nyabugogo, akapanda hadi Gatsata, kwenye gereji ya Christella. Christella alikuwa fundi mwenye sauti kubwa na mabega mapana, anayeimba akiwa chini ya magari. Alimsikiliza Twahiru mpaka mwisho, akaketi juu ya tairi na kucheka huku akijipiga mapaja.

"Mzee, muda wote huo unaachia gari linakunywa mafuta tu, sababu ya aibu? Yampayinka!" alimaka kwa Kinyarwanda. Akaingia stoo, akatoka na kitu kidogo, cheusi, kinachong'aa, akakiweka kwenye kiganja cha Twahiru. "Demareri, hiyo stata unayoitaka, ndiyo hii."

Twahiru alikipima kwa mkono. Kilikuwa nusu ya ile ya baba yake, na chepesi kama pasi ndogo. "Christella, mwanangu, hiki ni cha kuwashia pikipiki."

"Oya, hapana mzee. Iko ndogo lakini iko na nguvu kushinda ile. Ndani iko na meno yake. Mota inazunguka mbio sana, meno yanapunguza mbio, yanaongeza nguvu. Na pua yake inajibeba yenyewe, haitaki ile bushi ya giaboksi yenye ilikwisha."

Alichomoa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, akapandisha gari juu ya vigingi vya chuma, akatoa gurudumu la nyuma la kulia na kujilaza chini. Stata ndogo iliingia mahali pake bila kugombana na kitu. Nati ya chini ilikaza vizuri. Nati ya juu ndiyo yenye ukaidi, maana imejificha nyuma ya boksi la feni ambako hakuna jicho linalofika. Mtu mmoja hushika bolti kutoka chini, mwingine hupapasa kutoka kwenye injini. Mwenzake Christella alikuwa ameondoka kwenda harusini, na mkono wa Christella mwenyewe, hata angekuwa nao wa ziada, usingepenya.

"Mzee, vua koti!"

Twahiru alivua koti, akalikunja vizuri, akapandisha mkono wa shati, akauingiza nyuma ya injini hadi kwapani. Shavu lake lilibanwa na bati lenye grisi. Vidole vyake vilikuwa vimetunga uzi kwenye sindano maisha yao yote, mara nyingine umeme ukiwa umekatika, kwa hiyo havikuwa na haja ya macho. Vikatafuta, vikagusa ncha ya bolti, vikaweka nati juu yake. Ikateleza. Vikairudisha. Ikauma uzi, ikazunguka mara moja, mara ya pili.

"Imeshika!" alipiga kelele. "Christella, imeshika!"

Mafundi wa jirani walikuja kuangalia nani ameumia. Walimkuta mzee wa watu amekumbatia injini, uso mweusi kwa grisi, meno yote nje.

Christella alifunga waya mnene wa betri na ule mwembamba unaotoka kwenye ufunguo, akarudisha gurudumu, akalishusha gari chini. Kisha akaingia mwenyewe, akazungusha ufunguo. Trrr, mara moja tu, na injini ikanguruma. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyepiga makofi. Twahiru alitoa machozi waziwazi, akamwomba azime, awashe tena. Aliomba hivyo mpaka Christella akamfukuza.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri alifika kwa Umulisa amevaa suti ya kijivu, na kichwa kilikuwa kimemvimba kwa furaha kiasi kwamba alimsalimia hata mbuzi wa jirani. Alisimamisha gari mbele ya geti, pua yake ikiyaelekea makopo ya maua ya Umulisa, akaliacha kwenye gia ya pili kama alivyozoea. Akashika ufunguo. Akauzungusha nyuma.

Kimya kikatanda kijia chote. Umulisa, aliyekuwa jikoni, alitoka mbio akidhani kuna ajali.

Siku hiyo Twahiru alikalia kiti kizima. Alikunywa vikombe vitatu vya chai ya tangawizi, akala sambusa akiwa ameketi, akaulizwa habari za marehemu baba yake na akazijibu zote. Alichekesha, akachekeshwa. Hata hivyo neno lenyewe alilokuja nalo halikutoka. Alilizungusha mdomoni mpaka jua likaanza kupungua, na wote wawili wakajua kwamba litasubiri njiani.

Umulisa alijitanda khanga. "Twende nikusindikize. Leo nitapanda kabisa, utanishusha pale Sonatubes nirudi kwa miguu."

Alipanda, akafunga mlango. Twahiru akaketi kwenye usukani, macho yakiwa kwa Umulisa badala ya kazi iliyo mbele yake. Kwa miaka mingi ufunguo ulikuwa wa kuwasha taa nyekundu tu. Klachi ilikuja baadaye. Basi akauzungusha ufunguo mpaka mwisho, gia ikiwa bado ya pili na miguu yote miwili imepumzika kwenye zulia.

Stata ile ndogo haikuwa na mzaha. Gari liliruka mbele, likakanyaga kopo la kwanza, likaruka tena, likakanyaga la pili, likazamisha pua kwenye ua wa michongoma na kunyamaza. Khanga ya Umulisa ilimwangukia machoni. Udongo ulikuwa juu ya kioo.

Umulisa aliishusha khanga polepole. Hakucheka. "Hata leo," alisema kwa sauti ndogo. "Hata leo unakimbia. Kama nyumba yangu inakukera, Bwana Twahiru, si ungesema tu? Mimi ni mtu mzima."

Maneno hayo yalimchoma Twahiru kuliko miiba yote ya ua ule. Hakuwahi kufikiri kwamba wakati yeye anasikiliza injini, mwenzake alikuwa akijihesabia kasoro. Aibu yake ikaonekana kitu kidogo sana.

"Sikuwa na stata," alisema. "Lilikuwa haliwaki bila mteremko, na kwako ni tambarare. Ningezima, ningekuomba unisukume. Niliona haya. Sikutamani kuondoka hata siku moja, Umulisa. Wallahi hata siku moja."

Umulisa alimtazama. Akatazama maua yaliyolala chini. Bega lake likatikisika, kisha la pili, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi akaegemea dirisha na kufuta machozi kwa khanga.

"Na sambusa zangu ukazila mbio sababu ya hilo?"

"Sababu ya hilo."

"Washa nione."

Sasa alikanyaga klachi, akatoa gia, akazungusha. Trrr, injini ikaitika. Umulisa akapiga makofi kama msichana. "Tena!" Akazima, akawasha. "Tena!" Majirani walishatoka kwenye mageti yao, wakiangalia watu wazima wawili ndani ya gari lililokwama kwenye ua, wakiliwasha na kulizima na kufa kwa vicheko. Mbuzi naye alikuja akaanza kula maua.

Mara ya mwisho gari likiwa linanguruma, Twahiru alipiga moyo konde. Alilazimika kusema kwa sauti, maana injini ilikuwa na kelele, na mtaa mzima ukasikia.

"Umulisa, nataka kukuoa!"

Umulisa aliacha kucheka. Alijitanda khanga yake upya.

"Zima gari, Twahiru," alisema. Hakusema Bwana.

Akazima. Umulisa akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akashuka, akaufunga kwenye pindo la khanga na kuelekea nyumbani bila kugeuka. Twahiru akaruka nje, akasahau kufunga mlango wa gari, akamfuata.