Jumamosi ya Vichwa Viwili

Mama Vidole alikuwa mtu wa wasiwasi. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo ulimruka. Simu ikilia asubuhi na mapema, aliketi kwanza ndipo akaipokea, ili habari mbaya isimkute amesimama. Mumewe, fundi mwashi, alimtania kwamba hata mvua ikinyesha kwa msimu wake, yeye huuliza kulikoni. Lakini mpe kichwa na kitana, ungedhani ni mtu mwingine. Vidole vilikwenda mbio huku macho yakitazama barabarani, na mistari ikatoka imenyooka kama iliyopigwa rula. Jina hilo la Vidole walimpa wateja, likamganda.

Shule aliiacha mapema, akapelekwa kwa mama yake mdogo aliyekuwa msusi. Huko alijifunza mambo mawili: kusuka bila kumliza mteja, na kumshika mteja asikimbie. Hili la pili si kila mtu analijua. Mteja akikukuta una kichwa kingine mkononi, usimwambie asubiri, maana atavuka barabara aende saluni ya mwenzio. Mkalishe, mwambie, "Nimebakiza nyuma kidogo tu," hata kama hujafika katikati, kisha mpige mistari miwili ya mbele. Hapo huyo ni wako. Nani atatoka njiani na mistari miwili mbele na kichaka nyuma?

Kwa vidole hivyo na ujanja huo alisomesha watoto watatu. Wawili wa kwanza walikwisha kuwa na nyumba zao. Wa mwisho, kitindamimba wake, alikuwa nesi, na huyo ndiye aliyemkondesha.

Nesi alikuwa ng'ambo ya mto, katika nchi jirani, ambako surua ilikuwa imezuka na kuwaangusha watoto. Nchi mbili zilikubaliana kwa majaribio: manesi wa huku na wa kule wafanye kazi pamoja, wachanje pande zote za mto. Majaribio yalikwenda vizuri, lakini chanjo sasa zilikuwa zinakwisha, na fungu jipya la fedha lilingoja bunge lilipitishe. Bunge lilingoja kamati ya afya. Na kamati ya afya ilingoja wakubwa wake wawili waache kununiana.

Mama Vidole hakuhitaji gazeti kuyajua hayo. Magomvi yenyewe yalikuja kusukwa kwake.

Mwenyekiti wa kamati, mama mnene wa chama tawala mwenye kicheko cha kutikisa vioo, alikuja kila Jumamosi. Makamu wake, wa upinzani, mwembamba, ambaye watu walimwita Wembe kwa sababu ya ulimi wake, alikuja Jumapili. Wote wawili walipenda mlango wa nyuma, uliotokea kwenye kichochoro ambako gari liliweza kuegeshwa bila watu kukusanyika. Mama Vidole alizilinda siku hizo mbili kama mtu anayefuga paka na panya katika nyumba moja. Kwake siasa iliachwa mlangoni pamoja na viatu. Tena hakuwahi kuwaomba waheshimiwa hao kitu chochote, si kazi wala msaada. Mteja ukimwomba leo, aliamini, kesho atasukwa kwingine.

Jumamosi hiyo Mwenyekiti alikuwa ameketi nyuma ya pazia lililogawa saluni, nusu ya kichwa ikiwa tayari, nusu imesimama wima. Mama Vidole alikwenda uani kuchemsha maji ya kuchovyea ncha za rasta. Aliporudi na birika la moto, alimkuta wifi yake, dada wa mumewe aliyesuka naye, akimpaka mafuta mteja kwenye kiti cha mbele. Mteja alikuwa Wembe. Na mbele ya kichwa cha Wembe kulikuwa na mistari miwili, safi kabisa.

Akaliweka birika chini haraka.

"Wifi," alinong'ona, akimvuta pembeni. "Umefanya nini?"

"Nimemshika," wifi akajibu kwa fahari. "Ameingia kwa mlango wa mbele, anasema kesho ana harusi ya ndugu yake, na Jumatatu wana kikao. Alikuwa anataka kuvuka barabara!"

"Na yule wa nyuma ya pazia?"

Wifi akaweka mkono mdomoni. "Ala! Mimi nilishika kichwa, wifi. Chama sikukiangalia."

Kabla hawajapanga la kufanya, sauti nene ikatoka nyuma ya pazia. "Nani huyo anayezungumza habari za kikao? Sauti hiyo naijua hata nikiwa nimelala."

Wembe akainuka. Akajiona kwenye kioo, mistari miwili na msitu. Akaketi tena taratibu.

Pazia likafunguka. Waheshimiwa wawili ambao tangu uchaguzi hawakusalimiana isipokuwa kwa kupitia Spika, wakatazamana, mmoja nusu kichwa, mwingine robo.

"Mheshimiwa," akasema Wembe, "naona nusu ya kichwa chako imejitoa kwenye serikali."

"Afadhali mimi nusu," akajibu Mwenyekiti. "Wewe mistari miwili tu. Inalingana na viti vyenu bungeni."

Wifi alicheka mpaka akaliuma taulo. Mama Vidole hakucheka. Aliona wateja wake wote wawili wakitoka mlango wa nyuma kwa mara ya mwisho. Lakini watoke vipi, kichwa kikiwa vile? Alimkokota Mwenyekiti na kiti chake karibu na dirisha, penye mwanga, kwa kuwa hakukuwa na haja ya pazia tena. Yeye akashika kichwa kimoja, wifi akashika kingine, wakasuka kama watu wanaozima moto.

Waheshimiwa walirushiana maneno kwa vioo, maana ukisukwa huwezi kugeuka.

"Hoja ya chanjo mmeikalia nyinyi," alisema Mwenyekiti.

"Sisi? Tulipoileta sisi mwaka jana, nani aliiua?"

"Mliileta imejaa matusi!"

"Matusi mawili tu."

"Na yote mawili yalikuwa yangu!"

"Tuliza shingo, mheshimiwa," Mama Vidole alisema kwa upole. "Mstari utapinda."

Hapo simu ikalia rafuni. Katika saluni ile simu haikushikwa mkononi, kwa sababu mikono ina mafuta siku nzima. Wifi aliibonyeza kwa kiwiko, kwa mazoea, na sauti ya nesi ikajaa chumba kizima.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Sikiliza, nina wateja, nitakupigia..."

"Dakika moja tu, mama, nina hasira. Leo tumewarudisha watu. Akina mama wametembea tangu alfajiri, watoto mgongoni, tukawaambia dozi zilizobaki ni za wale wachanga tu. Mmoja akaniuliza, basi huyu mkubwa nimrudishe tumboni?"

Mama Vidole alikuwa na rasta tatu vidoleni, ncha zake zimebanwa kwa meno. Aliinua kiwiko aizime simu, hakikufika. Akamkonyeza wifi. Wifi naye alikuwa amesimama tu, anasikiliza.

"Naambiwa eti hoja imekwama kwa sababu wakubwa hawapatani," nesi akaendelea. "Mama, si wanakuja kwako hao waheshimiwa wa mlango wa nyuma? Basi siku ukiwasuka, wavute nywele kidogo kwa niaba yangu. Kila mmoja. Usipendelee."

Mama Vidole alitamani sakafu ifunguke.

Wembe ndiye aliyeanza. "Hujambo, nesi. Mimi ni mmoja wa hao wa kuvutwa."

Sauti ndogo ikatoka simuni, "Mama... ni nani huyo?"

"Usikate," akasema Mwenyekiti. "Na wa pili yuko hapa. Mama yako ana mikono laini, bado hajatekeleza agizo."

Nesi aliomba radhi mara nyingi, lakini Wembe hakutaka radhi, alitaka habari. "Hapo mlipo ni mbali na kwetu?"

"Mbali? Mheshimiwa, kiangazi hiki mto umekuwa kijito. Watoto wamechora uwanja wa mpira kwenye mchanga, goli moja liko nchi hii, goli lingine nchi ile. Tulipata mgonjwa, mshambuliaji. Wiki iliyofuata akaugua golikipa, wa upande wenu."

"Huyo golikipa anaendeleaje?" Mwenyekiti aliuliza, na kicheko hakikuwepo tena sautini.

"Amepona. Mdogo wake yuko kitandani bado."

"Na wewe utarudi lini?"

"Nitarudije na watu wamekaa mlangoni? Nangoja dawa."

Simu ilipokatika, Mama Vidole aliendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vizito. Mstari mmoja ulimpinda, akaufumua. Ulimpinda tena. Akashusha mikono.

"Waheshimiwa," alisema, "tangu mje hapa sijawahi kuwaomba kitu. Sheria siijui, na nani alianza ugomvi si kazi yangu kujua. Yule ni mwanangu wa mwisho. Amesema haondoki mpaka dawa zifike, na nikimjua mimi, haondoki kweli. Ni hilo tu. Mkitaka kwenda kusukwa kwingine, nitawamalizia kwanza."

Wifi, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akasema kama anayejisemea, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."

"Na sisi wote tuko kwenye kiti cha kunyolewa," akasema Mwenyekiti. Akamtazama Wembe kiooni. "Ukiyatoa yale matusi mawili, nitaiunga mkono hoja yako."

"Hoja yangu? Si yenu?"

"Ni ileile, tumebadilisha maneno tu. Unajua hivyo, na mimi najua."

Wembe alifikiri kwa muda wa msuko mmoja. "Nina watu wangu mpakani. Watauliza kwa nini napeleka chanjo ng'ambo na friji ya zahanati yao haigandishi hata maji. Zahanati za upande wetu ziingizwe humohumo."

"Hilo nililitaka mimi tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Ungelipinga."

Wembe akakiri, "Kweli, ningelipinga."

Kilichobaki kilikuwa nani asimame mbele, na hapo nusura yote yaharibike. Mwenyekiti alisema yeye ndiye mwenyekiti. Wembe alisema yeye ndiye aliyetukanwa redioni kwa hoja ileile. Walipandishiana sauti mpaka fundi cherehani wa chumba cha jirani akachungulia, akaona ni nani, akarudi haraka kwenye cherehani yake.

"Haya, wasilisha wewe," Mwenyekiti akasema mwishowe. "Wangu watanuna."

"Na wangu watasema umenihonga."

"Kwa lipi? Nimekulipia rasta?"

Vicheko viwili vikatoka pamoja, na msuko ukaendelea. Walitoka kwa mlango wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiahidi kuzungumza na watu wake. Mama Vidole hakuyaamini mambo hayo. Ahadi alizisikia nyingi kwenye kiti kile.

Jumatatu televisheni ya saluni iliwashwa. Yeye aliipa mgongo, akasuka kichwa cha mwalimu wa shule ya jirani, akamwambia wifi amsimulie, kwa sababu kuangalia hakuweza.

"Wembe amesimama," wifi akasema. "Jamani, mistari yangu inapendeza!"

"Acha mistari. Anasema nini?"

"Anasoma. Wengine wa chama chake wamekunja mikono. Sasa Mwenyekiti anaunga mkono. Ehee! Mmoja wa chama chake anapiga kelele, anamuuliza kama amehama chama."

"Amejibu nini?"

"Amesema hajahama chama, alihamishiwa kiti tu, tena karibu na dirisha. Hawajamwelewa."

Kisha Spika akauliza wanaoafiki. "Ndiyo" ikatoka pande mbili za ukumbi, nzito kuliko ilivyozoeleka. Wachache walisema siyo, na walizomewa na wenzao. Wifi akampiga Mama Vidole mgongoni, mwalimu naye akapiga makofi bila kujua ni kwa sababu gani. Mama Vidole aliketi kwenye beseni la rasta, akacheka na kulia kwa pamoja, kitana kikiwa bado mkononi.

Dawa zilichukua muda kufika, kama vitu vyote vya serikali. Siku dawa zilipofika, simu ililia mchana saluni ikiwa imejaa.

"Mama, masanduku yamevuka asubuhi hii! Manesi wa huku walituimbia. Foleni imetoka mlangoni mpaka uwanjani, wachezaji wote wamejipanga, hata refa."

"Mungu mkubwa," akasema Mama Vidole. "Basi unarudi wiki hii."

"Narudi? Mama, kazi ndiyo kwanza inaanza. Tumeongezewa vijiji, huku na kule. Mpaka msimu uishe."

Mama Vidole akasimama na rasta mkononi. Alikuwa ameomba dawa ziende ili mtoto aje, na dawa zilizokwenda ndizo zilizomzuia. Wateja wote walikuwa wakimtazama.

"Wewe mwenyewe umechanjwa?" aliuliza.

"Mama, mimi ndiye nesi."

"Nimekuuliza, umechanjwa?"

"Nimechanjwa, mama."

Nyuma ya sauti ya binti yake, mtoto mmoja alipasua kilio, kile kilio cha hasira cha aliyechomwa sindano hajui kosa lake, kilio cha mtoto mzima wa afya. Mwingine akadakia. Mama Vidole alisikiliza, na polepole uso ukamkunjuka.

"Haya, nenda," akasema. "Wanakungoja hao. Na ule chakula, usiniambie umesahau."