Neno Ambalo Märet Hakulisoma

"Bibi, mbona kwenye kitabu cha kanisa wameandika hujui kusoma, na wewe ndiye uliyenifundisha?"

Dagny alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Mwalimu wao alikuwa amelipeleka darasa zima kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kutazama vitabu vya zamani, naye akaliona jina la bibi yake: Märet, binti Jon, miaka kumi na mitano, hawezi kusoma. Bibi yake alikuwa akikoroga jibini ya kahawia jikoni. Mwiko haukusimama. Alitazama dirishani, kule juu mlimani walikokuwa mbuzi, kisha akamtuma mtoto akalete kuni, na kuni zilikuwa tele kando ya jiko.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Kila kiangazi Märet na mdogo wake Gölin walipandisha mifugo kwenye kibanda cha malisho, mwendo wa saa nne kutoka kijijini, wakakaa huko mpaka majani ya miti ya mibetula yageuke manjano. Huko juu alikuwako mnyama ambaye hakuna mchunga aliyemtaja kwa jina. Walimwita Mguu-kijivu, basi. Ukimtaja anasikia, akisikia anakuja. Mwaka mmoja jina lilimponyoka msichana wa kibanda cha jirani, tena akicheka, na juma halijaisha wakakuta mbuzi wake sita wamelala kwenye majani, makoo wazi, hata mmoja hakuliwa. Märet aliwaona. Alisaidia kuwaburuta. Tangu siku hiyo, akisikia tawi linavunjika nyuma yake, aligeuka akahesabu mbuzi.

Kusoma kulimshinda kwa muda mrefu. Mwalimu Hellman, ambaye kila majira ya baridi alizunguka nyumba kwa nyumba na mfuko wake wa ngozi, akilala juma moja kwa kila mwenyeji, alimwonyesha herufi mpaka akachoka. Zilimtawanyika machoni kama siafu waliomwagiwa maji. Basi jioni moja Hellman akaacha herufi, akaanza kumsimulia maneno yalikotoka. Kwamba dirisha, kwa lugha yao, wazee waliliita jicho la upepo, maana lilikuwa tundu tu la kutolea moshi na kuingiza baridi. Kwamba Alhamisi, kwa lugha hiyohiyo, ni siku ya Tor, yule mungu wa radi, na kasisi mwenyewe huitaja kila juma bila kujua anamsalimia nani. Kwamba dubu hana jina. Tunalomwita maana yake ni wa kahawia tu, kwa sababu wazee waliogopa kumtaja.

"Na jina lake la kweli?" Märet akauliza.

"Limepotea. Waliliogopa mpaka wakalisahau."

Hapo ndipo macho yalipomfunguka. Kumbe neno lina ndani, kama nyumba. Akawa analivunja vipande, anachungulia kila chumba, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa anasoma maneno marefu kuliko kidole. Ila jioni ya mwisho Hellman, mtu wa nchi tambarare asiyejua mambo ya malisho, akamgusia Mguu-kijivu. Hata jina lile la kawaida, alisema, lile wanalolitumia watu wa bondeni, si lake. Zamani lilikuwa na maana ya mhalifu aliyefukuzwa kijijini. Chini yake kuna jingine, kongwe zaidi. Akaliandika kwenye kibao. Mama yake Märet aliinuka na kitambaa kibichi, akalifuta. Lakini Märet alikuwa ameshaliona.

Sasa, kule kwao kasisi alikuja mara moja kwa mwaka kuwapima watu kusoma, wakubwa kwa wadogo, na kuandika kitabuni alivyomkuta kila mmoja. Asiyesoma hakukubaliwa darasa la kipaimara, na bila kipaimara huwezi kuajiriwa kwa watu wala kuolewa. Utabaki mtoto hata ukiota mvi. Halvar, mwenye nyumba kubwa kuliko zote, alishamwahidi Märet kazi kwake akipita tu. Kwa kawaida kasisi alifika mifugo ikiwa imeshafungwa zizini. Mwaka ule alikuwa anahamishwa, akaja mapema. Ikabidi Märet ashuke peke yake, amwache Gölin huko juu na mbuzi wote. Gölin alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kipimo kilifanyika jikoni kwa Halvar, watu wamejaa kwenye mabenchi. Kettil, kijana wa kazi, alisoma kama mtu anayepasua magogo, akapita, na akirudi kukaa akamnong'oneza Märet, "Haya dada, leo wakujue."

Kasisi akamfungulia habari za mchungaji mwema. Märet akasoma vizuri, sauti yake mwenyewe ikimshangaza. Akafika kwa yule mtu wa kuajiriwa, anayemwona mnyama anakuja, akakimbia na kuwaacha kondoo. Na pale, katikati ya mstari, lilikuwa limekaa. Si lakabu, wala si jina la mhalifu. Lile la kwenye kibao, tupu, halina hata nguo.

Kama jina lisilo lake lilimleta kabla juma halijaisha, na hili je, la kwake mwenyewe, ambalo huko mlimani hajaitwa tangu enzi za wazee? Akilini alimwona Gölin akiinama kukamua, kisogo chake kimegeukia msitu.

"Endelea, binti," kasisi akasema.

Märet akasema neno hilo halijui.

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu Hellman akasimama, akasema kwamba binti huyu anajua. "Basi asome," kasisi akajibu. Halvar alikuwa anamtazama. Märet alisikia saa ya ukutani, akasikia kalamu ikichovya wino, na hakufungua mdomo.

Hakungoja kahawa. Alipanda mlima mbio, na kwenye kivuko cha kijito akakuta nyayo kwenye tope, pana, mbichi, maji bado yanaingia ndani yake. Akapuliza pembe yake. Msitu ukanyamaza. Akapuliza tena huku akilia, na kwa mbali, baada ya muda mrefu mno, pembe ya Gölin ikajibu.

Gölin alimpokea mlangoni. "Umepita?"

"Sijapita."

Halvar alimchukua msichana mwingine. Märet alikaa mwaka mzima na vicheko vya kina Kettil, akaja kupita kwa kasisi mpya wakati wa theluji, mlango wa zizi ukiwa umefungwa kwa komeo. Lakini wino wa kwanza haukufutwa.

Dagny alikuwa na miaka kumi na sita, amerudi kutoka shule ya mjini, vuli ile walipouza mbuzi wa mwisho na kukifunga kibanda cha malisho moja kwa moja. Bibi alisimama uani akiwatazama wanavyoondoka, hadi wa nyuma kabisa alipopotea kwenye kona. Ndipo akamkumbusha mjukuu wake lile swali alilomwuliza akiwa na miaka minane. Hata hivyo alitazama mlimani kwanza, akashusha sauti.

"Kusoma nilijua," akasema. "Pale palikuwa pameandikwa mbwa mwitu."