Darasa Ndani ya Gereji ya Ofelia

Ofelia Barraza anaendesha lori la kubebea mawe mgodini, lile ambalo gurudumu lake moja limeupita mlango wa kanisa kwa urefu, na huwezi kumwudhi asikwambie. Mimi ni jirani yake, nakata watu nywele sebuleni kwangu. Mama akiwa zamu, binti yake Nayeli alikuwa akishushwa na basi la shule mlangoni pangu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Yametokea mbele ya macho yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Nayeli ana usonji. Alianza shule bila neno hata moja ambalo mtu mwingine zaidi ya mama yake angelielewa. Kelele zikimzidi alijiziba masikio na kujibamiza ukutani. Shule ya serikali ilikuwa na chumba cha watoto kama yeye, chenye mito ya sakafuni na bembea, na mwalimu wake aliitwa Darlene Hutchings, mama mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole. Darlene alimfundisha kuonyesha picha: maji, choo, nimechoka. Polepole maneno yakafuata. Siku Nayeli alipotamka “Mama, njoo,” Ofelia alilia kwenye maegesho ya shule mpaka mlinzi akamletea kiti.

Ila mtaalamu wa matamshi alikuwa anatoka Phoenix, mji mkuu wa jimbo, mbali na kwetu, na safari nyingi hakutokea. Ofelia alilalamika, akaahidiwa, akalalamika tena. Ndipo akaja Brent Haldane.

Haldane alifungua akademia yake katika lililokuwa duka la samani. Aliita wazazi, akawapa kahawa na keki, akasema, “Pesa ya mwanao ni yako, mama. Kwa nini wakuchagulie wengine?”

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleza. Sehemu kubwa ya fedha ambazo jimbo letu la Arizona lingeipa shule ya serikali kwa ajili ya mtoto wako, zinawekwa kwenye akaunti yako kila baada ya miezi mitatu. Huzishiki mkononi. Unaingia mtandaoni, unalipa karo ya shule binafsi, au mwalimu wa nyumbani, au vitabu, au tiba, na wakubwa wanaidhinisha au wanakataa. Mtoto mwenye ulemavu huwekewa zaidi. Nawe, kwa upande wako, unasaini kwamba shule ya serikali haina tena wajibu wa kumsomesha. Hapo penye mwiba ndipo Haldane alipopita mbio, kama mtu anayevuka lami ya moto ya Julai pekupeku.

“Shoga, umefikiri vizuri?” nilimwuliza Ofelia.

“Mtaalamu wa matamshi wanaye palepale, kila siku! Wewe ungefanyaje?”

Hata mimi ningesaini.

Nayeli akavalishwa sare ya bluu, akaanza akademia. Karo ilikuwa imeshapandishwa tangu akaunti hizo zifunguliwe kwa kila mtu, tajiri kwa maskini, kwa hiyo pesa ya jimbo ilimezwa yote na Ofelia akaongezea ya kwake. Na yule mtaalamu wa kila siku? Agosti alikuwa “yuko njiani.” Oktoba bado alikuwa njiani. Nikamwambia Ofelia, hata anayetembea kwa miguu kutoka Meksiko angekuwa ameshafika.

Novemba wakafanya zoezi la moto. King'ora kikalia juu kabisa ya kichwa cha Nayeli. Akapiga kelele, akamng'ata msaidizi wa mwalimu mkononi. Ofelia alikuwa ndani ya shimo la mgodi, kwa hiyo wakanipigia mimi. Nilimkuta mtoto amekaa kwenye korido peke yake, koti limefungwa mpaka kidevuni, vitu vyake vyote ndani ya mfuko wa plastiki.

“Hatumfukuzi,” Haldane aliniambia kwa tabasamu. “Tunaona tu kwamba hapa si mahali panapomfaa.”

“Si ninyi mliomwita?”

“Mwambie mama yake tutamwombea.”

Kesho yake Ofelia alikwenda mwenyewe. Akaulizia karo ya robo ile. Hairudishwi. Akauliza mtoto asome wapi mpaka fedha nyingine ziingie. Akaambiwa kwamba uzuri wa utaratibu huu ni kuwa mzazi ana uhuru wa kuchagua.

Akameza hasira, akarudi shule ya serikali. Mwalimu mkuu hakuweza kumtazama usoni. “Ukifunga ile akaunti tutampokea, Bi. Barraza, sheria inatutaka. Lakini chumba hakipo tena.” Watoto walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja na fedha zake, na waliobaki hawakutosha kulipia mwalimu. Darlene alikuwa amepunguzwa kazi. Nayeli angepanda basi kila asubuhi kuvuka mlima, kwenda mji wa pili kwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni. Basi lenyewe hulia king'ora kila linaporudi nyuma.

Ofelia alichungulia kioo cha mlango uliofungwa. Mito ilikuwa palepale. Bembea palepale. Picha za Darlene bado ziko ukutani: maji, choo, nimechoka.

Wiki hiyohiyo namkata nywele daktari wa meno, yule anayekaa kilimani. Watoto wake hawajawahi kukanyaga shule ya serikali hata siku moja. Ananieleza kwa furaha kwamba sasa akaunti ya jimbo inamlipia binti yake mafunzo ya kupanda farasi. “Halali kabisa,” anasema, na sikatai kwamba ni halali. Ofelia naye aliomba akaunti imnunulie kishikwambi cha kumsaidia mtoto kuzungumza, ombi likarudishwa: aeleze kifaa hicho kina uhusiano gani na masomo. Daktari hajui sikio lake lilivyouponea mkasi wangu siku ile.

Majira ya kuchipua Haldane akaita mkutano mwingine wa kutafuta watoto wa mwaka mpya. Ofelia akaenda moja kwa moja kutoka kazini, na vumbi lake na viatu vyake vya kazi vyenye ncha za chuma, akakaa mstari wa mbele. Nami nikakaa naye. Ulipofika muda wa maswali akasimama.

“Bwana Haldane, mtoto akikushinda katikati ya mwaka, pesa inabaki kwako. Mtoto anabaki kwa nani?”

“Mama, mambo ya binafsi tutayazungumza ofisini.”

“Ofisini kwako nilishafika. Leo nijibu hapa, tena taratibu, hawa nao wasikie.”

Bwana mmoja nyuma akaropoka, “Si ulichagua mwenyewe, bibie? Sasa unamlilia nani?”

Ofelia akamgeukia. “Kweli, nilichagua. Mimi nikachagua shule, na shule ikachagua mtoto. Sasa niambie, baba, chaguo la nani ndilo lililoshinda?”

Haldane akasema muda umekwisha, akawashukuru wote kwa kuja. Waliosaini jioni ile walisaini, sitawadanganya. Lakini tulipofika kwenye gari, mwanamke mmoja alitukimbilia. Anaitwa LaVonne Pruitt, anauza chakula kwenye kantini ya hospitali.

“Wangu pia walimrudisha,” alisema huku anahema. “Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeshindwa kulea.”

Wakashikana mikono pale gizani, wageni wawili, wakatukana mpaka wakacheka.

Darlene tulimkuta duka la mimea, alikopata kibarua, anamwagilia miche ya nyanya.

“Mwalimu,” Ofelia akasema, “leseni bado unayo?”

“Leseni ninayo. Darasa ndilo sina.”

“Mimi nina gereji ya kuegeshea gari pale nyumbani.”

“Na mshahara wangu utautoa kwenye gereji?”

“Kwenye akaunti. Si wanasema pesa ni yangu? Basi nakuchagua wewe.”

Darlene alizima maji, akakaa juu ya gunia la mbolea. “Walinitoa shuleni kwa sababu fedha zimeondoka,” alisema, “na sasa fedha zilezile zinanifuata kwenye gereji. Kuna mtu ana akili timamu katika nchi hii kweli?”

Ilichukua miezi ya kuomba vibali na kukataliwa na kuomba upya. Darlene aliomba kununua ile mito na bembea, akajibiwa kwamba mali ya umma haihamishwi kwa mtu binafsi. Mpaka leo vinalala nyuma ya mlango uliofungwa, vinakula vumbi. Tukashona mito mingine kwangu. Ndugu yake Ofelia akafunga kiyoyozi, maana gereji ya Arizona wakati wa joto ni tanuri. Wakaanza watoto wanne: Nayeli, kijana wa LaVonne, na wengine wawili waliorudishwa kwa tabasamu lilelile.

Na darasa likafanya kazi, haki isemwe. Sasa Nayeli anaagiza mwenyewe taco zake, vile vichapati vya Kimeksiko vyenye nyama, kwenye kibanda, na ole wako umsahaulie pilipili. Watu wa Haldane wakapata la kusema: “Si unaona? Akaunti zimemfaa.” Ofelia alipoambiwa hivyo dukani alijibu hadharani, “Mtu akikubomolea nyumba akakutupia turubai, utalikataa ili ulowe? Nitalala chini ya turubai, na asubuhi nitamwuliza nyumba yangu iko wapi.”

Kilichomvunja ni kitu kingine. Mwezi uliopita mama mmoja alipiga hodi akiwa na mvulana mdogo aliyejiziba masikio. Gereji imejaa, na Darlene, ambaye sasa hana bima wala pensheni, hawezi kuongeza hata mmoja. Ofelia alisimama mlangoni pake mwenyewe, akasema, “Samahani, mama, hatuna nafasi.” Yule mama hakubisha. Alishaizoea hiyo “samahani.”

Ofelia aliingia jikoni kwangu akapiga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka.

“Wamenifanya nimfukuze mtoto, shoga! Mimi!”

Nikamwekea maharage, hakuyagusa.

Bodi ya shule ilikuwa inakutana jioni hiyohiyo. Akanawa uso kwenye sinki langu, akampigia yule mama simu kwa namba aliyotuachia, akamwambia amfuate huko pamoja na mtoto. Wakapewa dakika chache za kusema. Ofelia hakusoma hotuba. Alimshika yule mvulana mkono, akawaambia wakubwa waliokaa mezani, “Huyu hana shule. Na ninyi mna chumba, mna bembea, mna mito. Nani kati yenu ana ufunguo?”

Mwenyekiti akasema jambo hilo litawekwa kwenye ajenda ya mwezi ujao.

“Sawa,” Ofelia akasema, akavuta kiti akaketi. “Mwezi ujao nitakuwa hapahapa.”