Mahali pa Kuweka Sauti

Kwa Mama Sikio, sauti haikuwa na mahali. Ukimwita kutoka mlangoni, aliinua uso akatazama dirishani. Ukimwita kutoka dirishani, alitazama dari. Sikio lake la kulia liliondoka na homa kali alipokuwa mtoto, na mtu mwenye sikio moja husikia vizuri tu, ila hajui kinachosikika kiko wapi. Redio, mtoto anayelia, sufuria iliyoanguka, vyote vilimfikia kutoka pande zote, kama joto linavyomfikia mtu aliyeketi jikoni. Alipokuwa mdogo alidhani kila mtu yuko hivyo. Aliwaona watu wanaogeuza shingo upande wa sauti, akadhani wanabahatisha.

Sasa angalia dunia ilivyo na utani: mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa fundi wa spika na maiki. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la vioo, mwisho wa korido ambayo saa za mchana ilijaa mwanga wa vioo vya chini, mwanga unaotikisika ukutani kila mteja wa duka alipobeba kioo chake kwenda nje. Humo mlikuwa na meza, taa ya kuinamisha, makopo ya skrubu, na rafu ya kompyuta ndogo za kukunja, zile za kushika kiganjani, zinazofunguka na kujifunga kama kasha la miwani. Watu walimletea zikiwa hazisemi au hazisikii. Alizifungua taratibu na kuzisemesha.

"Mdomo wako wameuweka wapi, maskini?"

Maana watengenezaji, alivyoona yeye, hawakuwa na huruma. Wengine waliweka spika chini ya mashine, palepale kiganja kinaposhika, halafu wanashangaa haisikiki. Wengine walibana maiki kando ya bawaba, basi kila ukifungua kifuniko inasikia bawaba ikilalama, wewe inakusikia baadaye ikipenda. Kwenye mambo hayo Mama Sikio hakuwa na dogo. "Wamemziba mtu mdomo kwa mkono wake mwenyewe," alimwambia mteja yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza, "halafu juu ya boksi wameandika sauti safi!"

Mume wake alimpata kwa sababu ya sauti. Alikuwa mpiga mnada, na mji mzima ulimwita Ngurumo. Aliuza makabati, vitanda na vyerehani vya watu waliohama, katika uwanja wa nyuma ya soko, bila spika wala maiki, na bado mama waliokuwa wakianika nguo ghorofani walijua kabati limefikia wapi. Mama Sikio alikwenda pale siku moja kutafuta redio mbovu ya kutoa vipuri. Sauti ile ilimjia kutoka kila upande, kutoka kwenye mabati, kutoka mbinguni, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali ilitoka wapi. Redio yenyewe alisahau kuinunua.

Ngurumo naye, kwa kelele zake zote, alikuwa mwepesi wa kuona. Hakumuuliza kitu. Walipotembea pamoja mara chache tu, tayari alikuwa amehamia upande wake wa kushoto, upande wa sikio zima, na hapo akabaki. Mezani alikaa kushoto kwake. Garini, kanisani, msibani, kushoto kwake. Akisema naye aligeuza uso mzima, siyo macho tu. Hata katikati ya mnada, watu walimcheka, Ngurumo hakuweza kutaja kitanda bila kumtafuta mke wake kwanza.

Kisha koo la Ngurumo likaugua. Madaktari walikata walichopaswa kukata, wakamrudishia Mama Sikio mtu wake mzima, wakamshukuru kwa uvumilivu. Ila sauti haikurudi. Walichomwachia ni pumzi yenye maneno ndani yake. Mtu aliyekuwa akitikisa madirisha sasa aligonga kikombe kwa kijiko ili apewe chumvi.

Nyumbani waliendelea vizuri kuliko watu walivyodhani. Pumzi ile ilitosha sikio moja, na sikio lenyewe lilikuwa palepale jirani. Mama Sikio alisema kwa utani kwamba sasa ndiyo amempata mume wa peke yake. Zamani alikuwa akimgawana na soko zima. Ngurumo alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

Shida iliingia na habari njema. Binti yao, kitinda mimba, alikuja kusema anaolewa, na wazazi wa kijana wangekuja Jumapili kula chakula cha mchana, wafahamiane. Kila baba angesema maneno machache. Baba mdogo wa binti, yaani mdogo wake Ngurumo, alikuwepo siku hiyo. Huyu ni mtu mwema ambaye mdomo wake haufungi hata akila.

"Kaka asihangaike," alisema, akijiongezea mboga. "Nitasema mimi. Maneno ninayo hapa, yamejaa mpaka shingoni."

"Tunajua, shemeji," alisema Mama Sikio. "Tunayaona."

Binti alicheka. Ngurumo hakucheka. Aliangalia sahani yake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha humo. Baadaye, mke wake alipokuwa akiosha vyombo, alisikia kijiko kikigonga kikombe, akafuta mikono na kuinamisha sikio.

"Nataka niseme mwenyewe," Ngurumo alipumua. "Mara hii tu. Watu wasije wakafikiri mwanangu hana baba."

Kesho yake Mama Sikio alichukua mashine moja ya rafuni, ya kukunja, ambayo mteja alimwachia aitoe vipuri, akaanza kuishughulikia. Kuifanya ichukue pumzi na kuitoa ikiwa kubwa haikuwa kazi. Kazi ilikuwa mluzi. Maiki na spika zilikaa pua kwa pua. Spika ikisema, maiki inasikia, inairudishia spika, spika inasema tena kwa nguvu zaidi, mpaka mashine nzima inapiga mluzi wa kuumiza meno. Ni ule ugomvi wa watu wawili ambao kila mmoja anasikiliza tu ili apate cha kujibu.

Alihamisha spika, mluzi. Alihamisha maiki, mluzi. Alipunguza sauti mpaka mluzi ukakoma, na pumzi ya Ngurumo nayo ikakoma.

Mchana mmoja, mwanga wa vioo ukipita ukutani polepole, alilala juu ya meza shavu likiwa kwenye mkono. Akaota yumo ndani ya mashine. Ilikuwa nyumba ndogo yenye joto, sakafu ya vitufe vilivyobonyea kidogo alipokanyaga, na waya zikining'inia kama kamba za kuanikia. Alitembea chumba hata chumba akimtafuta mtu aliyekuwa akiita. Sauti ilitoka kila mahali, kama kawaida yake. Mwishoni alifika kwenye ukuta mrefu uliosimama wima, akauegemea kwa sikio lake bovu, na upande wa pili kukawa kimya. Akageuka, akauegemea kwa sikio zima. Upande wa pili watu walikuwa wakicheka.

Alipoamka alikuwa ameshaelewa. Ukuta ulikuwa kifuniko. Mashine ikifunguliwa, kifuniko husimama katikati. Mtu yuko huku, wageni wako kule. Basi mdomo uhamie mgongoni kwa kifuniko, uwatazame wageni, na sikio libaki chini, ukingoni mwa vitufe, limtazame Ngurumo. Kifuniko chenyewe kiwaamulie. Alitoboa matundu madogo mgongoni kwa kifuniko, akapitisha waya kwenye bawaba kwa uangalifu wa mtu anayemsuka nywele mtoto aliyelala, akaifunika maiki kwa kitambaa kizito pande zote, akaacha uwazi mbele tu. Sasa ilisikia kilicho mbele yake moja kwa moja, basi. Ilikuwa mashine yenye sikio moja, na aliipenda kwa hilo.

Waliijaribu mezani, kila mmoja upande wake, mashine katikati. Ngurumo alimtazama mke wake, akapumua. Na mgongoni kwa kifuniko ikatoka sauti. Haikuwa ngurumo ya zamani. Ilikuwa na mkwaruzo na kamlio ka bati. Lakini ilikuwa yake.

"Kabati hili," ilisema, "milango miwili, mmoja haufungi, sikufichi. Nani ataanza?"

Mama Sikio alilia, wala hakujificha. Kila alasiri wakawa wanajaribu hivyo, yeye ng'ambo ya meza, Ngurumo akimuuzia vitu vyote vya jikoni kimoja baada ya kingine.

Jumapili ikafika. Binti alipanga sebule mwenyewe: wageni kwenye viti upande wa dirisha, wazazi wake pamoja kwenye kochi, stuli mbele ya baba na mashine juu yake. Mama Sikio alikaa ili mume wake awe kushoto kwake. Mbele yao walikaa baba wa kijana, mwalimu mstaafu aliyeshika glasi yake kwa mikono miwili. Mkewe, mama mpole mwenye tabasamu. Na kijana mwenyewe, aliyekalia ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa. Baba mdogo alikuwa karibu na mlango, ameshakohoa kusafisha koo.

Chakula kilipoondolewa, Ngurumo alifungua kifuniko. Akaanza kusema.

Alisema vizuri. Mama Sikio alimsikia neno kwa neno: karibuni nyumbani, tumefurahi, binti yetu tumemlea kwa furaha. Alihisi moyo wake umekuwa mwepesi. Sauti ilikuwa kila mahali chumbani, kama sauti zote, naye alitulia ndani yake akitabasamu. Kisha akaona tabasamu la mama wa kijana limeganda. Akaona mwalimu ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio. Akaona vidole vya binti yake vimeshikana mpaka vimebadilika rangi. Ndipo alipojua kwamba chumbani hakukuwa na sauti yoyote. Aliyekuwa akisikia pumzi ile ni yeye peke yake.

Alitazama mashine. Taa yake ilikuwa inawaka, waya uko mahali pake. Akamtazama mumewe, na mumewe alikuwa akimtazama yeye. Uso mzima, siyo macho tu, umegeukia kwenye kochi, kwenye sikio zima, kama miaka yote. Na maiki aliyoifunika pande zote kwa mikono yake mwenyewe ilitazama mbele, ikisikiliza hewa.

"Tazama mbele, baba," alimnong'oneza.

Ngurumo akageuka. "Wakwe zangu," mashine ikasema kwa nguvu, wageni wakashtuka, kijana karibu aanguke. Lakini sentensi haijafika kati, shingo ikaanza kurudi yenyewe, kidogo kidogo, na sauti ikazama. Alijaribu tena. Ikazama tena.

Baba mdogo akasimama na kufunga kifungo cha koti. "Basi, ndugu zangu, kwa niaba ya kaka yangu ambaye, kama mnavyoona..."

"Shemeji, keti," alisema Mama Sikio.

"Nilitaka tu kumsaidia..."

"Keti, baba. Utakula tena baadaye."

Akainuka. Akazunguka stuli, akapita kati ya wageni akiomba radhi, akaenda kusimama nyuma ya viti vyao, mgongo wake dirishani. Macho ya Ngurumo yalimfuata njia nzima. Uso ukayafuata macho, ukaja taratibu, taratibu, mpaka ukatulia juu ya ukingo wa vitufe, mbele ya uwazi ule mdogo.

"Mnisamehe, wakwe," ikasema sauti, na safari hii ilijaza sebule. "Mimi sijui kusema na watu. Maisha yangu yote nimesema na huyo mmoja aliyesimama hapo nyuma. Ninyi wengine mlikuwa mnasikia tu."

Mwalimu alicheka kwanza, kisha wote. Ngurumo akasubiri wacheke mpaka waishe, kama alivyofanya uwanjani.

"Kila nilichouza nilianza na kasoro zake. Huyu siuzi, lakini kijana, kasoro nitakutajia. Hapendi kuamshwa. Akikasirika anaosha vyombo vilivyo safi, amerithi kwa mama yake. Basi, sina nyingine." Alipumzika, pumzi ikasikika spikani kama upepo mlangoni. "Nina ombi moja. Kila mtu ana upande anaosikia vizuri. Wa kwake utafute. Usimuulize, utafute mwenyewe. Ukiupata, kaa hapo, na usihame."

Kijana alisema, "Sawa, baba," na sauti yake ndiyo iliyotetemeka. Binti alikuwa ameshafunika uso kwa viganja.

Mama Sikio alibaki dirishani. Yeye ndiye aliyelehemu ile waya, yeye ndiye aliyechagua ile sauti itokee wapi, na bado hakujua imetoka wapi. Ilitoka kwenye mapazia, kwenye glasi za wageni, kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Aliiacha itoke itakako.

Ngurumo akafunga kifuniko. Watu walianza kuongea wote kwa pamoja, baba mdogo akiwa wa mbele, glasi zikagongana. Kutoka kwenye kochi midomo ya Ngurumo ikacheza tena, akimtazama mke wake ng'ambo ya chumba. Mama Sikio hakusikia kitu. Akapita tena kati ya viti, akaketi mahali pake, akainamisha sikio.

"Ulisemaje?"

"Nilisema rudi," alimnong'oneza. "Kule ni mbali."